Kura ya miji Maharashtra: muda wa baraza ukiisha, nani anapanga siku ya uchaguzi?

Tarehe 15 Januari 2026, wakaaji wa miji mikubwa 29 ya jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, walipiga kura kuchagua mabaraza ya miji yao. Watu karibu milioni 35 walikuwa wameandikishwa, na viti 2,869 vilikuwa vinagombaniwa. Kesho yake kura zikahesabiwa. Mumbai, mji mkuu wa jimbo hilo na mji wa pesa na wa sinema kwa India nzima, chama cha BJP cha Waziri Mkuu Narendra Modi kilipata viti 89 kati ya 227. Mshirika wake, Shiv Sena ya Eknath Shinde, alipata 29, na kwa pamoja wakavuka nusu. Shiv Sena ya Uddhav Thackeray ilibaki na viti 65.

Kwa siasa ya India hilo ni jambo kubwa. Shiv Sena ilizaliwa Mumbai mwaka 1966 na ilikuwa imeshika uongozi wa baraza la mji tangu 1997, kabla ya kupasuka vipande viwili mwaka 2022. Uddhav na binamu yake Raj Thackeray, waliokosana kwa karibu miaka 20, walirudiana Desemba 2025 ili kuuokoa mji wa baba zao. Haikutosha. Magazeti ya India yaliandika juu ya nani ameanguka na nani amepanda, na ni haki yao.

Lakini kuna jambo lingine ambalo halikupewa nafasi ya kutosha, nalo linagusa kila mtu anayeishi katika mji. Kura hiyo ilipaswa kupigwa mwanzoni mwa mwaka 2022. Baraza la Mumbai lililochaguliwa Februari 2017 lilimaliza muda wake tarehe 7 Machi 2022. Kesho yake kamishna wa mji, mtumishi anayewekwa na serikali ya jimbo, akafanywa msimamizi wa kila kitu. Iliambiwa ni kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ulidumu karibu miaka minne. Na Mumbai si ndio uliongoja kuliko miji yote: Navi Mumbai, Kolhapur, Kalyan-Dombivli na Vasai-Virar, mabaraza yao yalimaliza muda mwaka 2020, wakati wa korona. Huko muhula mzima wa miaka mitano ulipita bila mshauri hata mmoja aliyechaguliwa.

Kosa hili si la mtu mmoja wala la chama kimoja. Ni kosa la mpangilio unaoacha siku ya kura mikononi mwa wale wanaopata faida ikichelewa.

Sheria ilikuwa wazi

Katiba ya India haina kigugumizi juu ya jambo hili. Zamani serikali za majimbo zilikuwa na tabia ya kuvunja mabaraza ya miji na kuyaacha miaka na miaka bila uchaguzi. Ili kuua tabia hiyo, bunge la India lilipitisha marekebisho ya 74 ya Katiba, ambayo yalianza kazi tarehe 1 Juni 1993. Marekebisho hayo yanasema baraza la mji linaishi miaka mitano, si zaidi, na uchaguzi mpya lazima umalizike kabla ya miaka hiyo kuisha. Baraza likivunjwa kabla ya wakati wake, kura ipigwe ndani ya miezi sita. Kila jimbo linapaswa kuwa na tume yake ya uchaguzi kwa ajili ya miji na vijiji. Theluthi moja ya viti ni ya wanawake, na Maharashtra yenyewe iliongeza sehemu hiyo ikafika nusu mwaka 2011.

Ni vigumu kuandika sheria iliyo wazi kuliko hiyo. Hata hivyo, miji yote 29 ya Maharashtra ilijikuta haina baraza kwa wakati mmoja. Ilifikaje hapo?

Namna siku ilivyosukumwa mbele

Mambo yalianza kwa swali la haki. India ina utaratibu wa kuwekea viti jamii zilizobaki nyuma kimasomo na kimaisha, zinazojulikana kwa herufi OBC. Maharashtra ilikuwa imezipa asilimia 27 ya viti vya mitaa. Machi 2021, Mahakama ya Juu ya India ilisema viti hivyo haviwezi kutengwa hivihivi: lazima kwanza tume ikusanye hesabu za kweli mahali kwa mahali, na jumla ya viti vyote vilivyotengwa isipite nusu. Serikali ya jimbo haikuwa na hesabu hizo.

Hapo vyama vyote vikaungana. Hakuna chama kilichotaka kwenda kwenye kura bila viti vya OBC na kuonekana adui wa jamii zenye kura nyingi. Machi 2022, baraza la kutunga sheria la jimbo, wenye serikali na wapinzani kwa sauti moja, likaondoa kazi ya kugawa maeneo ya uchaguzi kwenye tume na kuikabidhi kwa serikali. Mei 2022 Mahakama ya Juu ikaamuru tume itangaze uchaguzi ndani ya wiki mbili. Uchaguzi wa miji hiyo haukufanyika.

Kisha mwisho wa Juni 2022 serikali ya Uddhav Thackeray ikaanguka na Eknath Shinde akachukua kiti. Serikali ya Thackeray ilikuwa imeongeza maeneo ya uchaguzi ya Mumbai kutoka 227 kuwa 236. Serikali mpya ikayarudisha kuwa 227. Kesi nyingine zikafunguliwa. Agosti 2022 Mahakama ikasema kila kitu kibaki kilivyo mpaka iamue. Kikabaki kilivyo kwa karibu miaka mitatu.

Ukisoma habari hiyo hatua kwa hatua, kila moja ina sababu yake. Viti vya jamii zilizobaki nyuma ni jambo la haki. Hesabu za watu ni jambo la maana. Mipaka ya maeneo inahitaji kuangaliwa. Lakini sababu nzuri tano zikipangwa moja nyuma ya nyingine zilitoa matokeo mabaya moja: mamilioni ya watu bila kura. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo lililoumia halikuwa la wale waliokuwa wanasema ngojeni.

Ushahidi kwamba kura iliwezekana uko palepale. Mwaka 2024 wakaaji haohao wa Mumbai, Pune na Nagpur walipiga kura mara mbili: mara ya kwanza kwa bunge la taifa, mara ya pili, Novemba, kwa bunge la jimbo. Mashine zilikuwepo, polisi walikuwepo, vituo vilifunguliwa. Hakuna aliyesema kwamba uchaguzi wa wabunge usubiri mpaka kesi zote ziishe. Jimbo la jirani la Madhya Pradesh lilikuwa na shida ileile ya OBC. Lilileta ripoti yake, Mahakama ikaikubali Mei 2022, na Julai mwaka huohuo miji yake ikapiga kura. Shida ilikuwa moja. Nia haikuwa moja.

Mtu mmoja na bajeti ya rupia bilioni 744

Baadhi ya watu husema baraza la mji ni jambo dogo. Kwa Mumbai, udogo huo una namba: bajeti ya mji huo kwa mwaka 2025-2026 ilikuwa zaidi ya rupia bilioni 744, yaani zaidi ya dola bilioni 8 za Marekani. Hiyo inakaribia nusu ya bajeti ya taifa lote la Kongo kwa mwaka 2025. Kwa pesa hiyo mji unajenga barabara, unasafisha mitaro, unaendesha shule na hospitali, unaleta maji.

Katika siku za kawaida, kamishna anatayarisha bajeti na mikataba mikubwa, kisha kamati ya washauri waliochaguliwa inaikagua, inauliza maswali, inapunguza au inakataa. Mbele ya waandishi wa habari. Baraza lilipoondoka, kamishna akawa ndiye anayependekeza na ndiye anayekubali. Bajeti za 2023, 2024 na 2025 zilipita kwa njia hiyo. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini anayejiandikia barua na kujijibu mwenyewe hawezi kuambiwa kwamba amekosea.

Na pesa isiyo na macho ya kuiangalia hufuata wenye nguvu. Januari 2024 gazeti la Indian Express liliandika kwamba, katika mwaka mmoja, wabunge wa Mumbai wa upande wa serikali walipewa pesa za mji kwa ajili ya kazi za maeneo yao, huku wabunge wa upinzani walioomba wakirudi mikono mitupu. Mtaa wenye mbunge wa upinzani una mashimo kama mtaa mwingine. Wakaaji wake wanalipa kodi ileile.

Kuna pia hasara isiyoingia katika hesabu. Mshauri mmoja wa Mumbai anasimamia, kwa wastani, watu zaidi ya elfu hamsini. Si malaika. Washauri wengi wa miji ya India wamesemwa kwa rushwa, kwa undugu na kwa kushirikiana na wenye kandarasi. Lakini ni mtu ambaye mama wa mtaani anamjua kwa jina, anajua nyumba yake, na anaweza kumgongea mlango maji yakikatika au takataka zikirundikana. Mumbai ni mji ambao mtaro usiosafishwa unaua: tarehe 26 Julai 2005, mvua ya milimita 944 ilinyesha kwa siku moja katika sehemu za mji huo na mamia ya watu wakafa. Katika mji wa namna hiyo, mtu wa kugongewa mlango kabla ya mvua si anasa. Kwa karibu miaka minne mlango huo haukuwepo. Kulikuwa na ofisi, foleni na karatasi ya malalamiko.

Wanaotetea wasimamizi

Upande wa pili una maneno yake, na ni vizuri kuyasikia. Wanasema wasimamizi wanafanya kazi haraka bila kelele za vyama. Wanasema mtumishi aliyesoma na kupita mitihani migumu anajua mambo ya mji kuliko mshauri aliyechaguliwa kwa sababu ya jina la familia. Wanasema tena kwamba hata baraza likiwepo, meya wa Mumbai hana nguvu kubwa: anachaguliwa na washauri kwa miaka miwili na nusu, anapokea wageni na kuongoza vikao, lakini mamlaka ya kazi yako kwa kamishna.

Neno la mwisho ni la kweli, na ndilo linalodhoofisha maneno mengine yote. Kama kamishna tayari ndiye mwenye mamlaka ya kazi, basi baraza ndilo kizuizi pekee kilichobaki mbele yake. Kuondoa kizuizi hicho hakukuufanya mji uendeshwe na mtaalamu; kuliufanya uendeshwe na serikali ya jimbo kupitia mtaalamu ambaye serikali hiyo inaweza kumhamisha siku yoyote inayotaka. Mtumishi anayejua nani anamhamisha anajua pia nani wa kumsikiliza. Wakaaji hawamo katika hesabu hiyo.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msimamizi wa muda ni mgeni. Siku ya tatu ilipita zamani, na jembe halikutolewa, kwa sababu wenye nyumba walikuwa wamefungiwa nje.

Mahakama iliamka, lakini kwa kuchelewa

Tarehe 6 Mei 2025 Mahakama ya Juu ilikata kamba. Iliamuru uchaguzi utangazwe ndani ya wiki nne na umalizike ndani ya miezi minne, na viti vya OBC viwe kama vilivyokuwa kabla ya mabishano. Kesi zilizobaki zitaendelea baadaye. Majaji walisikitika kwamba watumishi wa serikali wamekalia miji yote na kuamua mambo makubwa bila kuwajibika kwa mtu yeyote. Serikali ya jimbo, sasa chini ya Devendra Fadnavis, ikaomba muda tena, na Mahakama ikaweka tarehe ya mwisho: 31 Januari 2026. Miji midogo ilipiga kura Desemba 2025, miji mikubwa Januari 2026.

Mahakama inastahili shukrani kwa amri hiyo, lakini haiwezi kukwepa swali. Uamuzi wa Mei 2025 ulikuwa rahisi: pigeni kura kwa utaratibu wa zamani, mabishano yaendelee pembeni. Hakuna kilichozuia kusema hivyo Agosti 2022. Amri ya kusimamisha mambo ilionekana kama haimpendelei yeyote. Kwa kweli ilimpendelea aliyekuwa amekaa.

Na kura yenyewe haikukosa doa. Zaidi ya wagombea 60, karibu wote wa muungano wa serikali, walipita bila kupingwa baada ya wapinzani wao kujitoa, na upinzani ulisema kulikuwa na pesa na vitisho. Siku ya kura watu walionyesha vidole vyao wakidai kwamba wino uliowekwa kwa kalamu unafutika, tume ilikana. Mumbai, watu waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 53, chini kidogo kuliko mwaka 2017. Baada ya kungoja muda wote huo, karibu nusu ya wapiga kura walibaki nyumbani. Si ajabu. Mtu akizoea kuishi bila mshauri kwa miaka minne, anaweza kuanza kuamini kwamba hamhitaji, na hiyo pengine ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Somo kwa miji ya Kongo

Huko Bengaluru, mji wa kompyuta wa kusini mwa India, hali ni mbaya zaidi: baraza la mwisho lilichaguliwa mwaka 2015 na likamaliza muda Septemba 2020. Kwa hiyo Maharashtra si ajali. Na msomaji wa mashariki mwa Kongo hahitaji kuelezwa sana, maana anaijua habari hii kwa jina lingine.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema miji, komini, sekta na sheferi zinajiongoza zenyewe kupitia viongozi wao. Kura ya kwanza ya washauri wa komini ilikuja tarehe 20 Desemba 2023, tena katika sehemu tu ya komini za nchi. Mameya wa Lubumbashi, Kindu na Kisangani wameendelea kuwekwa kutoka Kinshasa. Kivu ya Kaskazini na Ituri, utawala wa kijeshi ulianza tarehe 6 Mei 2021 kwa siku 30, ukaweka wanajeshi na polisi mahali pa viongozi raia, kisha ukaongezwa siku 15, na 15, na 15. Goma na Bukavu, tangu M23 iliteka miji hiyo mwanzoni mwa 2025, wakuu wa mji wanawekwa na wenye bunduki.

Vita si kisingizio cha kubuni. Watu wa Masisi na Rutshuru hawakuweza kupiga kura mwaka 2023, na hakuna mwenye akili anayeweza kulinganisha mabishano ya viti Mumbai na risasi za Kivu. Lakini Lubumbashi na Kindu hazikuzuiwa na risasi. Na hata pale ambapo bunduki zinasikika, swali la Maharashtra linabaki lilelile: nani anasema muda wa dharura umeisha, na je, mtu huyo anapoteza kitu ukiisha?

Njia ya kutoka haihitaji miujiza. Kwanza, siku ya uchaguzi wa mji iandikwe katika sheria kama siku ya uchaguzi wa rais, si kwa tangazo la waziri. Pili, kazi ya kugawa maeneo na kupanga viti ifanywe na tume ya uchaguzi, na imalizike mwaka mmoja kabla ya kura. Isipomalizika, kura ipigwe kwa maeneo ya zamani. Tatu, mahakama ikipokea kesi ya uchaguzi wa mji iwe na tarehe ya mwisho ya kuamua, na kesi isisimamishe kura. Nne, msimamizi anayewekwa kwa dharura awe na miezi sita tu, asiruhusiwe kusaini mikataba ya miaka mingi, na kila franga anayotoa itangazwe hadharani.

Washauri wapya wa Mumbai sasa wana mikataba na bajeti za karibu miaka minne za kufungua na kusoma. Wakifanya kazi hiyo vizuri, wakaaji watajua angalau walipoteza kiasi gani. Muhula wao ni wa miaka mitano, na maandalizi ya kura inayofuata yanapaswa kuanza kabla haujaisha, bila kungoja Mahakama ya Juu itoe amri nyingine.